Kwa nini mafuta ya moto yalimzidishia mama maumivu: Ayurveda na baridi yabisi

Swali la msomaji, kwa ufupi: "Mama yangu ana miaka 54. Mwaka jana hospitali walimwambia ana baridi yabisi. Vidole vya mikono yote miwili, vifundo na magoti vinavimba, na asubuhi hawezi kufunga vifungo vya gauni mpaka saa nne. Anameza methotreksati mara moja kwa wiki pamoja na foliki asidi. Jirani alitushauri tumkande kwa mafuta ya ufuta ya moto kila siku, kwa kuwa Ayurveda, tiba ya jadi ya India, inasema maumivu ya viungo ni upepo na dawa ya upepo ni mafuta. Siku ya tano akazidi kuvimba, mwili ukawa mzito, akapata na homa. Je, Ayurveda yenyewe inausemaje ugonjwa huu? Na je, tuache dawa za hospitali tumpeleke Kerala, India, akafanyiwe panchakarma (tiba ya Ayurveda ya kusafisha mwili) ya siku 21?"

Dada, pole sana, na umfikishie mama pole zangu. Nianze na homa, maana hiyo haisubiri. Methotreksati hupunguza nguvu ya kinga ya mwili. Kwa hiyo homa ya mtu anayeitumia haihesabiwi kuwa ni ugonjwa umeamka tu mpaka daktari ahakikishe hakuna maambukizi. Kama homa bado ipo, au kiungo kimoja kimevimba na kuwaka moto kuliko vingine, au ana vidonda mdomoni, kikohozi kikavu, au anapumua kwa shida, mpelekeni hospitali leo, na dozi ya wiki hii isimezwe kabla hajaonwa. Akiandikiwa antibayotiki, semeni wazi kwamba anatumia methotreksati. Kotrimoksazoli, ambayo wengi wetu tunaiita Septrin, ikikutana na methotreksati inaweza kuudhoofisha uboho hadi chembe za damu zikaporomoka, na watu wamekufa kwa hilo.

Sasa tuje kwenye mafuta. Jirani yenu amewapa tiba halisi ya Ayurveda, lakini ni tiba ya ugonjwa mwingine. Ayurveda haioni maumivu ya viungo kuwa ugonjwa mmoja. Kuna sandhivata, ambayo ni viungo vilivyochakaa: goti linalia, maumivu huzidi kwa kutembea na hupoa mtu akikaa, na asubuhi ukakamavu hupita upesi. Mgonjwa wa namna hiyo, mafuta ya ufuta ya moto humfaa kweli. Kuna vatarakta, ambapo damu yenyewe imechafuka: mara nyingi huanzia vidole vya miguu au vya mikono, ngozi huwa nyekundu na huwaka, na kwa sehemu kubwa sura yake inakaribiana na jongo. Halafu kuna amavata. Maelezo ya mama yako yanaelekea huko, na humo mafuta ya kupaka mwanzoni ni kosa linalojulikana kwa karne nyingi. Waganga wa Ayurveda huitumia tofauti hiyo hata kama kipimo: wakisitasita kati ya vata tupu (huo upepo aliousema jirani) na amavata, hutazama mafuta yanamfanyia nini mgonjwa. Akipata nafuu ni vata. Akizidi kuvimba, kuwa mzito na kupoteza hamu ya kula, ni amavata. Bila kukusudia, mlimfanyia mama kipimo hicho kwa siku tano.

Vitabu vikongwe zaidi, Charaka Samhita na Sushruta Samhita, havina sura ya ugonjwa huu peke yake. Aliyeupa sura yake ni Madhavakara, kwenye kitabu chake cha utambuzi wa magonjwa kiitwacho Madhava Nidana, karibu mwaka 700. Karne ya 11 huko Bengal, Chakrapanidatta akaandika utaratibu wa tiba unaofuatwa hadi leo. Nitaueleza hapa chini, kwa sababu jibu la swali lako limo kwenye utaratibu huo.

Katika Ayurveda, chakula kikishaliwa hupikwa tena tumboni na moto uitwao agni. Agni ikififia, hubaki kitu kisichoiva, kizito, chenye utelezi na kunata. Hicho ndicho ama. Vata, nguvu inayoendesha kila mwendo mwilini, huibeba ama na kuipeleka kwenye makao ya kapha, nguvu ya uzito na utelezi, yaani sehemu zenye utelezi wake wa asili: viungo, kifua, kichwa na tumbo la juu. Huko ama huziba njia nyembamba, na vata iliyozuiwa njia huzaa maumivu. Visababishi anavyovitaja Madhavakara ni kula vyakula vinavyopingana (mfano mashuhuri katika Ayurveda ni samaki kwa maziwa), mmeng'enyo dhaifu, kukaa bila kujishughulisha, na kufanya kazi nzito au mazoezi mara tu baada ya mlo wenye mafuta mengi.

Dalili za mwanzo ni mwili kuuma wote, chakula kukosa ladha, kiu, uvivu, uzito, homa, chakula kutosagika na viungo kuvimba. Ugonjwa ukishika kasi, mikono, vifundo vya miguu, magoti, mapaja na kiuno huvimba, maumivu huwa makali kama ya kuumwa na nge, usingizi wa usiku hupotea na wa mchana huzidi, na choo huwa kigumu. Pitta, nguvu ya joto, ikichangia, kiungo huwa chekundu na kuwaka. Vata ikitawala, maumivu ndiyo makubwa. Kapha ikizidi, mtu hujihisi kama amefungwa nguo mbichi, mzito, na huwashwa. Madhavakara hafichi matarajio pia: ugonjwa wa dosha moja (dosha ndizo hizo nguvu tatu: vata, pitta na kapha) hupona, wa dosha mbili hudhibitiwa tu, na wa dosha zote tatu wenye uvimbe mwili mzima ni mgumu kutibika. Hao ni waandishi wa kale wakikiri mipaka yao. Leo anayekuahidi kuponya kabisa baridi yabisi ya miaka mingi anaahidi kisichoahidiwa hata na kitabu anachokitegemea.

Hata hivyo, amavata na baridi yabisi ya hospitali si kitu kimoja chenye majina mawili. Maelezo ya amavata yanaweza kumgusa pia mtoto mwenye homa ya baridi yabisi iliyotokana na maambukizi ya koo, au mtu ambaye viungo vimemvimba baada ya kuhara. Ndiyo maana vipimo vya damu (kingamwili za anti-CCP na RF, kasi ya uvimbe kwa ESR na CRP) na picha za mikono havina mbadala. Katika baridi yabisi kinga ya mwili hushambulia utando laini wa ndani ya kiungo, utando hunenepa, kisha huanza kula gegedu na mfupa. Mifupa huanza kumomonyoka mapema, mara nyingi ndani ya miaka 2 ya kwanza, na kilichokwisha kuliwa hakirudi. Jambo hilo waandishi wa kale hawakuwa na njia ya kuliona, na ndilo linaloamua swali lako la pili.

Utaratibu wa Chakrapanidatta uko hivi. Kwanza langhana, kuupunguzia mwili mzigo wa chakula. Pili swedana, kutoa jasho kwa joto, na kwa ugonjwa huu joto liwe kavu. Tatu, vitu vichungu na vikali vya kuwasha agni. Nne virechana, kuharisha kwa kipimo. Ndipo huja mafuta ya kunywa, na basti, dawa za kupitishia njia ya haja kubwa. Mafuta yako karibu na mwisho, dada. Yakitangulia, kwa maelezo ya Ayurveda, yanaongeza uzito na utelezi juu ya ama ambayo tayari imeziba njia, na joto la kukanda linaisukuma ndani zaidi. Hospitali wangekwambia jambo linalofanana kwa lugha yao: kusugua kwa nguvu kiungo ambacho utando wake umevimba hukichokoza kizidi.

Langhana haimaanishi kumfunga mama chakula. Kwa mgonjwa mwenye nguvu ni siku moja hadi tatu za uji mwepesi wa shayiri au mchuzi wa choroko, akila pale tu njaa ya kweli inapokuja. Kuna jaribio la Norway la mwaka 1991 linalogusa hapa: wagonjwa wa baridi yabisi walifunga siku 7 hadi 10, kisha wakala mlo wa mboga mwaka mzima, na walipata nafuu kuliko wenzao waliokula kama kawaida. Lakini kufunga peke yake hutuliza kwa muda tu, na mtu akirudia mlo wake wa zamani maumivu hurudi. Mama anatumia methotreksati, ambayo hutolewa mwilini na figo, kwa hiyo asikae bila kunywa maji hata kidogo. Mwili ukikauka, dawa hubaki kwenye damu kwa kiwango cha sumu. Apunguze uzito wa chakula, asipunguze maji.

Joto kavu ndilo mnaloweza kufanya nyumbani vizuri, homa ikishapita. Linaitwa valuka sweda, mchanga wa moto ndani ya kitambaa. Mchanga uwe wa mto. Wa pwani una chumvi inayovuta unyevunyevu, hivyo kama huo ndio mlio nao, uosheni kwa maji baridi mara tatu au nne. Mkishauosha uchekecheni na kuuanika juani siku nzima. Pimeni kikombe kimoja na nusu kwa kila kifurushi, na mtengeneze vifurushi viwili ili kimoja kipate moto wakati kingine kinatumika. Kitambaa kiwe marekani au kanga kuukuu ya pamba tupu, kikunjwe mara mbili. Kabla ya kukikata, chomoeni uzi mmoja muuchome: pamba huungua ikawa jivu laini, polista huyeyuka ikaganda kama shanga, na polista ikiyeyuka juu ya ngozi ya mgonjwa ni jeraha baya.

Kaangeni mchanga mkavu kwenye kikaango cha chuma kwa moto wa wastani huku mkiugeuza, dakika kama 10. Umimineni kwenye kitambaa, mfunge shingo kwa uzi wa katani, muache nafasi kidogo ndani ili kifurushi kitulie juu ya umbo la kiungo. Kilichojazwa mpaka kikakaza hugusa nukta moja tu na hapo ndipo huunguza. Anayekanda akishike kwanza kwenye kiganja chake, ahesabu hadi kumi. Asipoweza kufika, kisubiri. Kisha agusishe na kuinua, aguse na kuinua, bila kukandamiza na bila kukiacha mahali pamoja. Dakika 3 hadi 5 kwa kila jozi ya viungo zinatosha, na jumla isizidi dakika 15 au 20. Wakati mzuri ni asubuhi, kabla mama hajaanza kuvaa, maana ndipo ukakamavu uko juu. Akimaliza afunikwe, asikae kwenye feni wala kuoga maji baridi kwa saa nzima, na hapo hapo, viungo vikiwa bado na joto, afumbe na kufumbua vidole taratibu mara 10.

Kiungo chekundu kinachowaka msikiwekee mchanga. Hicho wekeni kitambaa chenye maji ya baridi, dakika 10. Kama mama ana kisukari kilichokufisha ganzi miguu au mikono, msiufanye mkando huu kabisa, kwa sababu hatahisi anapoungua. Fanyeni siku 7, kisha mpime kwa swali moja: ukakamavu wa asubuhi umepungua dakika ngapi? Kama haujasogea, mchanga si tiba yake, na hakuna haja ya kung'ang'ania.

Kwa kuwasha agni, cha kuanzia ni maji ya tangawizi kavu. Nusu kijiko cha chai cha unga wa tangawizi kwenye lita moja ya maji, yachemke mpaka yabaki robo tatu, ayanywe ya vuguvugu kidogo kidogo mchana kutwa. Ni kitu chepesi, hakina ubaya kwa wengi, lakini mwenye vidonda vya tumbo au anayetumia dawa za kuyeyusha damu kama warfarini aulize kwanza.

Halafu kuna mafuta ya mbarika, au nyonyo kama wengine wanavyosema. Ndiyo mafuta pekee yanayosifiwa katika amavata tangu mapema. Kuna ubeti wa Kisanskriti ambao kila mwanafunzi wa Ayurveda anaujua: amavata ni tembo azururaye kwenye msitu wa mwili, na simba amuuaye ni mmoja tu, mafuta ya mbarika. Sababu yao ni kwamba mafuta haya ni ya moto, hupenya, na huvuta kila kitu kwenda chini badala ya kuganda njiani. Kawaida hutolewa ml 5 hadi 10 pamoja na maji ya tangawizi yaliyochemshwa, na kipimo cha kuharisha hasa hufika ml 15 hadi 30.

Mama asiyanywe kwa sasa. Kuhara ukiwa kwenye methotreksati ni njia ya moja kwa moja ya kukausha mwili na kuibakiza dawa kwenye damu, na kama anameza pia diklofenaki au ibuprofeni kwa maumivu, figo zake zina mzigo mara mbili. Siku akiyatumia, iwe kwa ruhusa ya daktari wake wa viungo na chini ya macho ya mtaalamu. Na kwa kuwa mibarika imejaa kandokando ya nyumba zetu, naomba hili lisikike: mbegu zake zina risini, sumu inayoua. Msizitafune, msizisage, wala msijikamulie mafuta nyumbani mkayanywa. Ya kunywa ni yale ya duka la dawa yaliyoandikwa hivyo. Mjamzito asiyaguse kabisa.

Chakula. Vitabu vinakataza mtindi mzito, samaki, maziwa, sukari guru, dengu nyeusi za Kihindi ziitwazo uradi, vitu vya unga vizito, hata nderema, kwa sababu ya utelezi wake. Vinakubali shayiri, mchele uliokaa zaidi ya mwaka, kulathi, karela, mlonge, kitunguu saumu, tangawizi, na maziwa yaliyosukwa yakatolewa siagi na kuongezwa maji mengi. Vinakataza pia kulala mchana, kukesha, kuoga maji baridi na kukaa kwenye upepo wa mvua. Mengi ya haya yanatekelezeka Tanga, Mombasa au Dar bila gharama: mlonge upo kila mtaa, karela ipo sokoni, na kuhama kutoka maandazi na chapati za mafuta asubuhi kwenda uji wa shayiri si kazi kubwa.

Kwenye samaki, hata hivyo, mimi sifuati kitabu. Mafuta ya samaki yamepimwa kwa wagonjwa wa baridi yabisi na yameonyesha kupunguza maumivu kwa kiasi fulani, na kwa familia ya pwani kumnyima mama wa miaka 54 samaki ni kumnyima protini yake kuu wakati misuli yake inapungua kwa ugonjwa. Ale dagaa na vibua, wa kuchemsha au kuchoma, asichanganye na maziwa, na asile usiku sana. Kwa nazi nzito apunguze.

Dawa za mimea ndizo zenye mtego zaidi, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Dawa ya kuchemsha inayotumika sana ni rasnasaptaka, yenye vitu saba: rasna, guduchi, aragvadha, devadaru, gokshura, mzizi wa mbarika na punarnava, na hunywewa kwa unga wa tangawizi. Kanuni ya kitabu ni sehemu 1 ya dawa iliyopondwa kwa sehemu 16 za maji, ichemke bila kufunikwa mpaka ibaki sehemu ya nane. Rasna inayouzwa kaskazini mwa India ni mmea mmoja na ya kusini ni mwingine kabisa, kwa hiyo pakiti mbili zenye jina moja si lazima ziwe dawa moja. Guduchi nayo, mwaka 2021 madaktari wa Mumbai waliripoti wagonjwa walioharibika ini baada ya kuitumia. Wizara ya India inayosimamia tiba hizi ikajibu kwamba huenda mmea ulichanganywa na jamaa yake mwingine. Kwa mgonjwa wa kawaida mabishano hayo yana nafasi yake. Kwa anayetumia methotreksati, dawa ambayo yenyewe hulipiga ini, mimi siipendekezi guduchi.

Vidonge vya guggulu (simhanada guggulu, yogaraja guggulu) hutengenezwa kwa utomvu wa mti wa jamii ya manemane. Manemane ya dukani kwetu si mbadala wake, ni mti mwingine. Guggulu huweza kusumbua tumbo, kuleta vipele, na kubadilisha kasi ambayo ini huchakata baadhi ya dawa. Dawa za maji zinazoishia na -asava au -arishta zimechachushwa, na pombe inayojitengeneza ndani mara nyingi ni asilimia 5 hadi 10. Mtu aliyeambiwa asinywe pombe kwa ajili ya methotreksati, akiinywa dashamularishta kila siku, anakunywa pombe.

Zenye neno rasa, sindura, parpati au bhasma ni za madini, na nyingi kati yake zina zebaki iliyochanganywa na salfa. Amavatari rasa, inayouzwa mahsusi kwa ugonjwa wa mama yako, ni mojawapo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004, watafiti walinunua dawa 70 za Ayurveda kwenye maduka ya eneo la Boston, na 14 zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Katika utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2008 walipima 193 zilizouzwa kwa intaneti, wakapata karibu moja katika kila tano, na za kundi hili la madini zilikuwa mbaya zaidi. Wenye fani wanasema madini hayo husafishwa kwa hatua nyingi. Figo ya mama haina namna ya kukagua kama hatua hizo zilifuatwa.

Na jihadharini na unga au kidonge kisicho na jina kinachoondoa maumivu ya miezi ndani ya siku mbili. Mimea haina kasi hiyo. Mara nyingi ndani mna prednisoloni au deksamethasoni iliyofichwa. Uso ukianza kuwa wa duara, sukari na presha zikapanda, ndiyo hiyo. Kama ameitumia wiki kadhaa, msiikate ghafla. Mpelekeni hospitali na pakiti mkononi, kwa sababu mwili uliozoea steroidi ukinyimwa ghafla unaweza kuzimia.

Je, Ayurveda imepimwa kwa haki dhidi ya ugonjwa huu? Kidogo. Huko Coimbatore, kusini mwa India, lilifanyika jaribio lililochapishwa mwaka 2011: wagonjwa 43 waligawanywa kupata Ayurveda kamili, methotreksati, au vyote viwili, kwa wiki 36, bila mgonjwa wala daktari kujua nani anapata nini. Makundi yote matatu yalipata nafuu inayokaribiana. Ni matokeo ya kutia moyo, lakini watu 43 katika makundi matatu ni wachache mno kuamulia maisha ya mtu, na jaribio halikujengwa kuonyesha kama mifupa ilisalimika. Jaribio la Pune lililochapishwa mwaka 2000, la wagonjwa 182 kwa wiki 16, lilitumia kidonge cha ashwagandha, ubani wa Kihindi, tangawizi na manjano. Waliopewa dawa walipata nafuu, na waliopewa kidonge kisicho na dawa nao wakapata nafuu nyingi, tofauti kati yao ikawa ndogo.

Kwa hiyo, methotreksati isiachwe. Si kwa sababu Ayurveda haina thamani. Kuipanga siku ya mama, chakula chake, usingizi wake na mkando wa asubuhi, inaweza kwa ustadi. Ila methotreksati ina ushahidi mkubwa kwamba hupunguza kasi ya mmomonyoko wa mfupa, na miezi mnayopoteza mkijaribu bila hiyo hailipiki. Kama haimtoshi, dalili ikiwa huo ukakamavu wa mpaka saa nne, daktari wa viungo ana nafasi ya kupandisha dozi au kuongeza dawa ya pili kama hidroksiklorokwini au salfasalazini. Ombeni hilo kwanza. Hakikisheni pia anapimwa damu, ini na figo kila wiki 8 hadi 12, na kwamba kidonge humezwa siku moja ya wiki iliyoandikwa ukutani, kwa sababu kukimeza kila siku kwa kukosea kumeua wagonjwa wengi duniani.

Kuhusu Kerala, safari inaweza kuwa na faida kama kituo kinajua amavata ni nini. Kabla ya kulipa, waulizeni kwa simu: siku ya kwanza mtampaka nini? Wakisema abhyanga au pizhichil, yaani mafuta mwili mzima, mwili utarudia yale ya siku tano zenu kwa gharama ya tiketi ya ndege. Anayejua atawaambia siku za mwanzo ni mkando mkavu wa unga wa mimea au mchanga, au kumwagiwa dhanyamla, maji ya nafaka yaliyochachuka, na mafuta yatafuata ama ikipungua. Waulizeni kama watamtaka aache methotreksati. Wakisema ndiyo, tafuteni kwingine. Waombeni orodha ya kila dawa kwa jina kamili, na muwaambie wasimpe zenye madini. Mwambieni daktari wa hapa apige picha ya shingo mama akiwa ameinamisha kichwa, kabla ya safari. Baridi yabisi huweza kulegeza kano za pingili mbili za juu za shingo, na mkandaji anayezungusha shingo iliyolegea anaweza kuugusa uti wa mgongo. Na msichague Julai au Agosti, ingawa ndio msimu wa tiba unaotangazwa Kerala. Ni mvua na ubaridi mbichi, hali ya hewa inayomkaza mgonjwa wa amavata. Januari na Februari ni kavu. Apimwe CRP wiki moja kabla ya kuondoka na tena wiki ya sita baada ya kurudi, maabara ile ile, na majibu yote mawili yaende kwa daktari wake wa viungo.